Tana: Hifadhi Isiyo na Lango

Anayetoka Malindi kwenda kuizuru delta ya Mto Tana asitafute lango, maana halipo. Hakuna kibanda cha tiketi, wala ubao wa kumkaribisha mgeni, wala askari wa wanyamapori anayeandika namba za magari. Barabara ya Lamu inapita Gongoni na Marereni, ambako mashamba ya chumvi hung'aa upande wa bahari mpaka macho yakauma, kisha inaingia nyika ya vichaka na mikoma. Baada ya zaidi ya kilomita 100 unavuka daraja karibu na Garsen, mto ukipita chini yako mzito, mwekundu kwa udongo wa nchi za juu. Ukiuliza hifadhi iko wapi, utaambiwa tayari umo.

Mwaka 2012 delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran. Ilikuwa ya sita kwa Kenya. Tano za mwanzo zote ni maziwa ya Bonde la Ufa: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita. Tana ndiyo pekee kati ya hizo sita inayogusa bahari, na ukubwa wake ni hektari 163,600. Kaunti nzima ya Nairobi ingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki.

Lakini kuwa kwenye orodha ya Ramsar si kuzungushiwa ua. Hakumfukuzi mkulima wala mfugaji. Watu wamo: Wapokomo wanaolima kando ya mto, Waorma na Wawardei wenye ng'ombe, Waswahili na Wabajuni wa upande wa bahari, Wagiriama, Wasanye, hata Wajaluo waliofuata samaki mpaka huku. Mgeni aliyezoea Tsavo anaweza kuhisi amepunjwa. Amekuja kuona hifadhi, anaoneshwa mpunga, miembe na ng'ombe wenye mapembe wakivuka maji. Simlaumu. Tumefundishwa kwamba hifadhi ni mahali ambapo mtu ameondolewa, na delta ya Tana haifuati somo hilo.

Njia nzuri ya kuielewa ni kuianzia mwisho wake, Kipini. Ukifika Witu unaiacha barabara ya Lamu na kuteremka kama kilomita 20 hadi baharini. Kipini ni mji mdogo wenye historia kubwa kuliko mitaa yake. Serikali ya kikoloni iliwahi kuyaweka hapa makao ya utawala wa sehemu zote za Tana. Si mbali kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wa kale ambao James Kirkman aliuchimba na kuuandikia kitabu. Na wenyeji watakuonesha panaposemwa kuwa ndipo kaburi la Fumo Liyongo, yule shujaa ambaye kila mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba chuma hakikumdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni, na kwamba aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe.

Mto wenyewe haukuwa ukitokea hapa zamani. Mlango wake wa kale ulikuwa kusini zaidi, katikati ya Ghuba ya Ungwana, ile ambayo ramani za zamani huiita Formosa. Hapa Kipini palikuwa na mto mwingine mdogo, Ozi. Katika karne ya 19 Sultani wa Witu aliamuru uchimbwe mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite kati ya Tana na Ozi bila kuzungukia baharini. Tana ukaupenda mfereji ule kuliko njia yake. Mafuriko yakaupanua, na mto mrefu kuliko yote Kenya ukahamia kwenye mdomo wa jirani yake. Usultani wa Witu haukudumu: Wajerumani waliuweka chini ya ulinzi wao mwaka 1885, wakauachia Waingereza mwaka 1890, na mwaka huohuo Waingereza wakaupiga mizinga mji. Mfereji umeishi kuliko wote hao.

Manahodha wa Kipini huangalia maji kwanza, bei baadaye. Mlango wa mto una mafungu ya mchanga yanayohama, na mahali palipopitika mwezi uliopita leo mashua inaweza kukwama. Maji yakijaa, boti huingia kwenye vijito vya mikoko bila kugusa chini. Mbele inasimama mililana, miguu ndani ya maji ya chumvi. Nyuma yake mikoko yenyewe na mizizi yake ya kuning'inia, kisha mikandaa, kisha michu inayochomoza maelfu ya vijiti vya kupumulia kwenye tope. Juu zaidi, panapotawala maji baridi, kuna misikundazi, miti minene yenye mizizi ya ubapa iliyotambaa kama kuta. Boriti za msitu huu na wa Lamu ziliezeka nyumba za Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na upana wa vyumba vya kizamani vya kule ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Za matumizi ya nyumbani bado hukatwa kwa kibali, na bila kibali.

Viboko wapo, mamba wapo, na wenyeji hawawazungumzii kwa mapenzi. Kiboko anayetoka usiku kula mpunga ni hasara ya mwaka mzima kwa mwenye shamba.

Ng'ambo ya mto, upande wa kusini-magharibi, ndiko kwenye matuta ya mchanga. Ukiyaendea kutoka mtoni huyaoni. Unapita vichaka vilivyofungamana, ardhi inaanza kupanda, mguu unaanza kuzama hadi kifundoni, na sauti ya bahari inasikika kabla ya bahari yenyewe. Kisha vichaka vinakwisha na uko juu ya tuta refu kupita mnazi, bahari ikiwa chini yako na delta nyuma yako. Tuta hilo halipo peke yake. Matuta yanafuatana kwa kilomita nyingi kuelekea Ngomeni, mapya karibu na maji yakiwa matupu, ya zamani nyuma yakiwa yameshavaa miti.

Anayeijua Diani au Watamu ataona tofauti mara moja. Mchanga wa kule ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagwa, mchanga uliozaliwa baharini. Huu wa Ungwana ni wa rangi ya ngano, na mkavu wake unakwaruza, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mawe ya bara. Ulianza safari Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukateremka karibu kilomita 1,000. Maji ya ghuba nayo si ya buluu ya kadi za posta. Ni ya kahawia, tope likiwa bado linaelea ndani, na matumbawe hayapendi tope. Ndiyo maana hapa hakuna mwamba wa kuyavunja mawimbi mbali na ufuo, na ndiyo maana, naamini, hoteli nyingi hazikufika.

Namna matuta yanavyojengwa ni kazi inayoweza kutazamwa ukiwa umekaa. Mto unatema mzigo wake baharini, na bahari inauchambua. Tope jepesi linasukumwa kwenye vijito na kuwa sakafu ya mikoko. Mchanga mzito unabaki nje, mawimbi yanaurudisha ufuoni. Maji yakipwa, sehemu pana ya ufuo inakauka, na Kusi, upepo unaovuma kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, unaziokota chembe moja moja na kuzirusha mbele. Ukilala kifudifudi siku ya upepo utaziona zinavyoruka chini chini na kuuma ngozi. Zinaruka hadi zikutane na kizuizi. Mara nyingi kizuizi hicho ni mlakasa, mtambazi wenye maua ya zambarau na majani yenye pacha. Mchanga unajikusanya kwenye mlakasa, mlakasa unajinyoosha juu ya mchanga ili usizikwe, mchanga unaongezeka tena. Hivyo ndivyo kilima kinavyoanza. Ukiung'oa mlakasa kwa magurudumu ya pikipiki, kilima kinaanza kutembea.

Chini ya mlakasa huohuo, usiku, kasa hupanda kutaga. Kasa wa kijani ndiye wa kawaida zaidi. Huchimba shimo juu ya alama ya maji makuu, hutaga mayai kama 100, hufukia na kurudi. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka usiku na kuufuata mwanga wa bahari. Ufuo usio na taa za hoteli ni neema kwao.

Matuta haya yana kazi mbili ambazo si rahisi kuziona kwa macho. Ya kwanza ni ya ukuta. Ardhi iliyo nyuma yake iko chini sana, na bila matuta maji ya bamvua yangeingia moja kwa moja kwenye nyasi na mashamba. Ukuta huohuo unauzuia mto usitoke kwa haraka. Mafuriko yakishuka kutoka bara hayapati njia pana ya kukimbilia baharini, basi yanatandaa, yanajaza mabwawa na maziwa kama Shakababo na Bilisa, yanakaa wiki kadhaa. Ardhioevu ya Tana ipo kwa sababu matuta yameziba mlango, na matuta yapo kwa sababu mto uliyaletea mchanga. Ni mto uliojijengea bwawa lake wenyewe, pole pole, bila mhandisi.

Kazi ya pili ni ya mtungi. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki, inazama. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake chini ya kilima, na mtu akichimba kisima kifupi nyuma ya tuta anapata maji ya kunywa hatua chache kutoka baharini. Mji wa Lamu unaishi kwa jambo hili: visima vyake vikuu viko kwenye matuta ya Shela, na kila anayetaka kujenga juu ya matuta yale anagusa kata ya mji mzima. Wenyeji wa mwambao walilijua hili zamani. Liyongo mwenyewe, wasemavyo, baada ya kuchomwa alikwenda kupiga goti kisimani, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo, na watu wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji kwa kudhani yu hai. Huwa nafikiri kwamba mtunzi wa kisa kile aliijua adhabu kali kuliko zote kwa mji wa pwani.

Nyuma ya matuta, nyasi. Wakati wa kiangazi ni tambarare kavu iliyopasuka, wakati wa mafuriko ni ziwa. Zamani mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na maisha yote ya huku yalipangwa kwa mapigo hayo mawili. Mpokomo hupanda mpunga maji yanapofika, na mahindi na kunde kwenye unyevu yanapoondoka. Mworma hukaa mbali na ng'ombe wake wakati wa mvua, kisha malisho ya nje yakikauka huwaleta deltani, ambako majani bado ni mabichi. Njia za kuwafikisha ng'ombe mtoni huitwa malka, na juu ya malka hizo watu wamekubaliana kwa vizazi na wameuana kwa vizazi. Kati ya 2012 na 2013 zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Vijiji vilichomwa. Hayo yalianza mwaka uleule ambao delta ilitangazwa kuwa hazina ya dunia, na sidhani matukio hayo mawili yanafaa kusimuliwa mbalimbali. Mahali pote ambapo ardhi yenye maji inapungua, wanaobanana ni wale wanaoitegemea.

Wakenya wengi wamewahi kuimba kitu cha hapa bila kujua. Sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Kila mkutano wa hadhara unaofunguliwa Nairobi unaanza na Tana.

Waliotazama delta kutoka mbali waliona kitu kingine: ardhi tupu. Katika miaka ya 1990 TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mabonde ya Tana na Athi, ilijenga mradi mkubwa wa mpunga kwa mifereji na matuta ya udongo. Mvua za El Niño za 1997 zikaja na kuyavunja. Baadaye ikaja hoja ya miwa, kwa maelfu ya hektari, pamoja na kampuni ya sukari. Ikaja ya mbegu za mafuta. Zikaja habari kwamba Qatar ingepewa hektari 40,000 za kulima chakula chake. Wakazi walikwenda mahakamani, na Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mipango ya delta itengenezwe upya kwa kuwashirikisha wanaoishi humo. Mpango wa matumizi ya ardhi ulitoka miaka miwili baadaye. Umetenga sehemu za kulima, za kulisha na za kuacha. Karatasi nzuri, na ilipatikana kwa jasho la watu ambao hawakuwa na mawakili wa bei kubwa.

Ila karatasi yoyote ya delta inaishia Garsen, na mto unaanzia mbali. Juu huko kuna ngazi ya mabwawa: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981, Kiambere la 1988. Kwa miaka mingi yamebeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Maji ya bomba ya Nairobi nayo hutoka zaidi kwenye vijito vya bonde hilihili, kupitia bwawa la Ndakaini. Masinga ndilo kubwa, na kazi yake ni kushika mafuriko ili yatumike pole pole. Linaifanya vizuri. Udongo unaonaswa humo umekula nafasi ya maji kuliko ilivyotazamiwa, kwa hiyo kule juu mchanga ni kero na huku chini ni msingi wa nyumba. Mto haukosi udongo kabisa; baada ya Kiambere hula kingo zake na kujipatia mwingine. Kilichopungua ni yale mapigo. Mafuriko ya kadiri, yaliyozoeleka, yamelegea, na yale makubwa ya El Niño yanakuja bado, kama mwaka 2023 yalipoikata barabara ya Lamu pale Gamba.

Mto ukilegea, bahari haingoji. Wakazi wa Ozi, kijiji cha Wapokomo karibu na mlango, wamelima mpunga kwa ujuzi wa pekee: maji ya bahari yakijaa huyasukuma maji baridi ya mto nyuma na juu, yakaingia mashambani yenyewe, bila pampu. Ujuzi huo unahitaji mto wenye nguvu. Ukikosa nguvu, kinachopanda ni chumvi. Wakulima wa Ozi wamelalamika kwa miaka kwamba miembe yao inakauka ikiwa imesimama na mpunga unaungua. Wavuvi wa kamba nao wana yao. Ghuba ya Ungwana ndiyo shamba kuu la kamba Kenya, maana kamba wachanga hulelewa kwenye mikoko na tope la mto. Meli za kukokota nyavu zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, zikarudi miaka michache baadaye kwa masharti. Na juu ya yote kuna mpango wa bwawa jingine, High Grand Falls, kubwa kuliko yote yaliyotangulia, ambao umekuwa ukitajwa na kuahirishwa tangu Ruwaza ya 2030 ilipozinduliwa. Atakayeamua juu yake ndiye askari halisi wa hifadhi hii, apende asipende, na ofisi yake haiko Kipini.

Anayetaka kwenda aende wakati wa Kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na ndege wageni wameshafika. Kuna vitwitwi waliotoka Aktiki, wanakimbia ufuoni mbele ya kila wimbi. Kuna ndege mdogo wa kahawia wa matete, asiyevutia hata kidogo, ambaye huzaliana kwenye mabwawa ya Iraki na kuja kukaa baridi yake huku. Ni wa kuhesabika duniani, na wapenzi wa ndege huvuka bahari kumtafuta. Wenyeji wakubwa ni rahisi zaidi: mwari, korongo, yangeyange, kwarara, minandi, wote wakizaliana kwa kelele kwenye vichaka vilivyozungukwa na maji mwaka ambao mafuriko yamekuwa mazuri. Mwaka ambao hayakuja, hawazaliani.

Beba kitambulisho, kwani vizuizi vya polisi vipo barabara nzima. Beba maji ya kunywa. Usiende na gari juu ya matuta, hata ukiambiwa linaweza. Mwongozaji mchukue kijijini, na mlipe yeye mwenyewe. Kuhusu kurudi, msikilize nahodha: akisema tuondoke, mwondoke, kwa sababu maji yakipwa kwenye vijito vile, abiria hushuka kwenye tope na kusukuma, na nauli haipunguzwi.